Sura ya Saba: Mkono Wenye Macho

Mwaka 1979 kampuni ya Signet ya New York ilitoa toleo la jalada laini la Night Shift, mkusanyiko wa hadithi fupi za Stephen King. Jalada lilikuwa la buluu, limetobolewa matundu, na ndani ya matundu yalichungulia macho. Ukifunua karatasi hiyo ya kwanza, unakutana na mkono uliofungwa bendeji, umeota macho. Hadithi yenyewe imo kitabuni: mwanaanga amerudi duniani na kitu asichokijua, na kitu hicho sasa kinautazama ulimwengu wetu kupitia mikono yake. Aliyeuchora mkono ule ni Don Brautigam.

Mnunuzi aliyekuwa akisubiri basi hakuona kazi ya Brautigam. Aliona kivuli chake kilichopigwa picha, kikapunguzwa, kikagawanywa vitone, kikapitishwa kwenye mashine. Kazi yenyewe ilikuwa picha ya rangi, ya kushikika. Hiyo ndiyo tutakayoizungumzia: jinsi inavyofikiriwa, inavyotengenezwa, na inakoishia baada ya kitabu kutoka.

Kwanza tuulize kwa nini ichorwe kabisa, na kamera zipo. Jibu ni jepesi: huwezi kukipiga picha kitu ambacho hakipo. Riwaya za mapenzi na za upelelezi zingeweza kutumia picha za watu walioajiriwa, na nyingi zilifanya hivyo. Lakini baada ya Rosemary's Baby ya Ira Levin mwaka 1967, kisha The Exorcist ya William Peter Blatty na The Other ya Thomas Tryon, zote mbili za 1971, wachapishaji wa Marekani waligundua kwamba hofu ina soko, na kwa miaka kama ishirini iliyofuata wakawa wanahitaji kila mwezi watoto wenye pembe, wanasesere wenye meno, kaa wakubwa kama magari. Mwingereza Guy N. Smith aliandika riwaya nzima ya kaa hao, Night of the Crabs, mwaka 1976. Kaa wa namna hiyo hana budi kutoka kwenye brashi.

Mchoraji alipewa muhtasari, mara nyingine hata bila kitabu chenyewe, na wiki chache za kufanya kazi. Rangi ya mafuta ina uzuri wake, ila hukauka polepole. Ndiyo maana wengi walipenda akriliki, ambayo asubuhi unapaka na mchana unapaka tena juu yake. Walichora kwenye ubao mgumu au kadi nene, na kwa kawaida picha ilikuwa kubwa kuliko kitabu, maana picha ikipunguzwa makosa madogo ya mkono hufyonzwa na mistari hukaza. Tena sehemu ya juu ya picha haikuwa ya mchoraji. Ilikuwa ya jina la kitabu na la mwandishi. Ukibahatika kuiona picha asilia bila maandishi, utashangaa mbingu imekuwa kubwa na tupu kiasi hicho, au ukuta umepanda juu bila sababu. Sababu ni herufi ambazo hazijafika.

Tujaribu kwa mfano wa kwetu. Tuseme kuna riwaya ya kutisha inayotokea Buhehe, upande wa Busia ya Uganda, kwa Wasamia. Mhusika mkuu ni omulosi, yule jirani ambaye mchana anasalimia watu vizuri tu, na usiku anakimbia uchi uani mwao akirusha mawe juu ya mabati. Kila aliyekulia magharibi mwa Kenya au mashariki mwa Uganda amesimuliwa habari zake. Mchoraji alete michoro mitatu ya penseli.

Mchoro wa kwanza unamwonyesha omulosi mwenyewe, uchi, macho mekundu, mbele ya nyumba. Huu ndio kila mtu angeuchora, na ndio dhaifu kuliko yote. Kila kitu kimeshatolewa, mnunuzi hana la kujiuliza. Isitoshe, mtu uchi anayekimbia huchekesha kirahisi.

Wa pili umeweka Mwamba wa Tororo nyuma, mweusi, mwezi ukiwa juu yake. Mkuu wa sanaa ofisini Nairobi au Kampala ataupenda sana, kwa sababu mwamba ule unajulikana na umbo lake linajichora lenyewe. Shida ni kwamba Tororo ni Tororo na Buhehe ni Buhehe, huku chini kuelekea ziwani, na msomaji wa Buhehe hatasamehe. (Wakuu wa sanaa wamechapisha makosa makubwa kuliko hilo wakalala usingizi mzuri.)

Wa tatu uko ndani ya nyumba. Mama ameketi kitandani, mtoto amelala ubavuni, na koroboi, au tadooba kama wanavyosema upande wa Uganda, iko sakafuni. Mama anatazama juu, kwenye mabati. Hatuoni anachokisikia. Chini ya mlango kuna mwanya, na katika mwanya huo, kwenye mwanga wa mbalamwezi, kuna vidole vya mguu. Basi.

Sasa hesabu kazi iliyofanyika. Taa iko chini, kwa hiyo uso wa mama umeangazwa kutoka kidevuni kwenda juu, na vivuli vimekaa mahali ambapo jua halijawahi kuviweka; uso wa mtu mwema unageuka kuwa wa ajabu bila kubadilishwa hata mkunjo mmoja. Mwanga wa koroboi ni wa machungwa, wa mbalamwezi ni wa kibuluu, kwa hiyo ule mwanya mdogo wa ubaridi chini ya mlango unavuta jicho ingawa ni sehemu ndogo mno ya picha. Jicho linakwenda usoni kwanza, linafuata anakotazama mama, halikuti kitu, linateremka, linakuta vidole. Na mabati yale ya juu, yenye giza, ndiyo nafasi ya jina la kitabu. Mchoraji mzuri huligeuza sharti la mchapishaji kuwa sehemu ya hofu.

Kuna jambo moja zaidi ambalo mchoraji wa majalada hulijua na mchoraji wa maonyesho anaweza kuishi bila kulijua. Giza haliendi salama kiwandani. Picha ilipigwa kwa filamu, kisha rangi zake zikatenganishwa kwenye mabamba manne: samawati, majenta, njano na nyeusi. Kila bamba linaacha vitone vyake, na jicho letu ndilo linalovichanganya. Katika sehemu zenye giza vitone hujaa vikagusana, na kila ulichokichora humo kinazama. Kwa hiyo giza la picha asilia mara nyingi si jeusi hata kidogo. Ni buluu nzito juu ya hudhurungi, na limeachiwa mwanga mwingi kuliko unavyodhani linahitaji. Ndiyo maana picha asilia ya jalada la kutisha, ukiiona kwa macho, huweza kuonekana ya furaha kidogo.

Hayo ni ya Marekani na Uingereza, kwenye fedha za mabamba manne. Kwetu hofu haikukosa waandishi. Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla ulishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957/58 na kutoka 1960. Kisima cha Giningi kikafuata 1968. Majina hayo mawili yanatosha kumfanya mtoto wa Unguja alifunge dirisha, japo mpelelezi wao Bwana Msa na kiko chake huwa anafika na kuonyesha kwamba nyuma ya mzimu kuna binadamu mwenye tamaa. Grace Ogot, katika Land Without Thunder ya 1968, aliweka hadithi ya Tekayo, mzee aliyeonja ini tamu, akaitafuta ladha yake kwa kila mnyama, akaja kuipata kwa wajukuu wake. Sijui hadithi ya New York inayoipita hiyo kwa ubaridi. Na Barbara Kimenye aliipeleka hofu shuleni, Uganda, katika Moses and the Ghost ya 1971. Baadhi ya vitabu vya Moses vilichorwa na Rena Fennessy, mkono uleule uliochora stempu za Kenya za makombe ya baharini za mwaka huohuo.

Kilichokosekana ni rangi. Kila rangi iliyoongezwa ilikuwa bamba jingine na gharama nyingine, na mchapishaji ambaye mteja wake mkubwa alikuwa shule hakuwa na sababu ya kulipia vivuli vya koroboi. Jalada la rangi mbili au tatu lilifanywa kwa njia nyingine kabisa. Msanii alichora mistari kwa wino mweusi kwenye kadi, kisha akaweka juu yake karatasi angavu, na juu ya karatasi hiyo akachora, kwa wino mweusi tena, sehemu itakayochapwa nyekundu. Rangi ya tatu, karatasi nyingine. Wekundu wa damu haukuwahi kuwa mwekundu mezani pake. Kwa kazi ya namna hiyo hakuna picha asilia ya kutafuta: kuna karatasi nyeusi na nyeupe kadhaa, na picha nzima ilizaliwa mashineni. Anayekusanya majalada ya namna hii, nakala ya kitabu ndiyo asilia yake. Kwa maoni yangu hilo halipunguzi thamani ya kazi. Linaihamisha tu kutoka ukutani hadi rafuni.

Wachoraji wetu wa mambo ya kutisha wenye rangi tele walikuwa kwingine. George Lilanga, Mmakonde wa Tanzania aliyefariki 2005, alichora mashetani wenye masikio makubwa na vidole vichache kwa rangi zinazopiga kelele, na aliyenunua picha hizo alizitundika ukutani. Hofu yenye vitabu haikuwa na rangi, na mashetani wenye rangi hawakuwa na vitabu. Mchapishaji mmoja mwerevu angetosha kuwakutanisha.

Huko Marekani picha zilikuwepo, ila hazikutunzwa kama hazina. Ubao ukishapigwa picha, kwa mchapishaji kazi yake imekwisha. Kama mkataba ulimrudishia mchoraji, ubao ulirudi. Kama haukusema, ubao ulibaki ghalani, ukapotea. Nyingine zilisafiri mbali: mchoraji Rowena Morrill, aliyeanza na jalada la riwaya ya Isobel mwaka 1977 na mwaka uliofuata akapamba vitabu vya mwandishi wa kutisha Lovecraft, alishtuka mwaka 2003 wanajeshi wa Marekani walipokuta picha zake mbili katika nyumba ya Saddam Hussein, Baghdad. Kompyuta zilipoingia kwenye meza za wasanifu miaka ya 1990, na soko la hofu likaporomoka, kazi ya brashi ikapungua. Thamani ya majalada yale ilianza kuzungumzwa na watu wengi zaidi baada ya Grady Hendrix kutoa Paperbacks from Hell mwaka 2017, kitabu kilichowatafuta wachoraji na kuwataja kwa majina.

Anayeuziwa leo ubao wa aina hiyo aanze na mgongo wake: muhuri wa mchapishaji, jina la kitabu kwa penseli, vipimo vya kupunguzia. Pembeni atafute alama za kukatia na mabaki ya gundi palipobandikwa karatasi ya kinga. Kisha achukue lenzi. Akiona vitone vilivyojipanga, ameuziwa chapa. Akiona nyayo za brashi, na juu ni patupu bila sababu, anaweza kuanza kujadili bei.