Mwanza na Bukoba: Umbali Haupimwi kwa Dakika Peke Yake

Mwanza na Bukoba ni miji miwili ya ziwa moja. Ukiweka rula juu ya ramani, kutoka kiwanja cha ndege cha Mwanza hadi kile cha Bukoba, utapata mstari wa kilomita 175 hivi, na sehemu yake kubwa yapita juu ya maji ya Ziwa Victoria. Msafiri wa barabara hana budi kulizunguka ziwa upande wa kusini, apite Sengerema, Geita, Biharamulo na Muleba, mwendo wa zaidi ya kilomita 400. Daraja la Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa mwezi Juni 2025, limemwondolea adha ya kungoja kivuko, lakini halikulifupisha ziwa. Meli nayo huchukua usiku mzima.

Ndege ya mapangaboi huruka kwa kasi ya kilomita 500 kwa saa. Kwa hesabu ya darasani, safari hiyo ingekwisha kwa dakika 21. Lakini rubani huhitaji muda wa kupanda, wa kushuka na wa kuielekeza ndege sawasawa na njia ya kutulia. Kwa hiyo abiria hukaa angani dakika 40 hivi. Dakika hizo zinazoongezeka si hasara. Ndizo zinazobeba usalama wa safari nzima.

Wananchi wa Kagera wanalijua jambo hili kwa uchungu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa karibu kufika Mwanza, na mamia ya watu wakapoteza maisha. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam, ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa, iliangukia ziwani hatua chache kutoka kiwanjani. Waliokuwamo walikuwa 43, waliokufa 19. Wa kwanza kuwafikia walikuwa wavuvi, kwa mitumbwi na makasia yao.

Tuwape wavuvi hao heshima yao yote. Hata hivyo, ushujaa wa raia usigeuzwe kuwa mpango wa uokoaji. Misiba yote miwili ilitokea karibu na mwisho wa safari, nchi kavu ikionekana. Basi umbali uliowapokonya ndugu zetu uhai haukuwa ule wa kati ya Mwanza na Bukoba, bali ule mfupi kati ya ajali na msaada.

Kwa sababu hiyo, yafaa kiwanja kilicho ukingoni mwa maji kihesabiwe pamoja na maji yake. Boti ya uokoaji yenye mafuta, wapiga mbizi wenye vifaa, kamba, na mazoezi ya mara kwa mara pamoja na wavuvi wenyewe: hivyo ni sehemu ya kiwanja kama zilivyo lami na taa. Na rubani anapoamua kuzunguka, au kurudi Mwanza kungoja mvua ipite, abiria asinung'unike.

Haraka haraka haina baraka. Safari ya dakika 40 ni neema kubwa kwa taifa. Lakini neema hiyo itakamilika siku msaada utakapoweza kumfikia msafiri upesi kama ndege ilivyompeleka.