Je, Wajua? Gavana wa Benki Kuu na mfuko wako, mkazi wa Manyamanyama

Je, wajua kwamba Benki Kuu ya Tanzania ilizinduliwa 14 Juni 1966 na mwana wa Butiama, Mwalimu Nyerere? Siku hiyo shilingi yetu wenyewe ilianza kutumika.

Gavana wa kwanza, Edwin Mtei wa Marangu, alikuwa na miaka 33 tu!

Je, wajua kwamba wawili hao walikuja kutofautiana kuhusu shilingi hiyohiyo? Mwaka 1979 Shirika la Fedha la Kimataifa lilitaka ishushwe thamani. Mtei, wakati huo Waziri wa Fedha, aliona tuzungumze nalo. Mwalimu akakataa katakata. Mtei akajiuzulu. Shilingi ilishushwa hata hivyo miaka ya 1980, mfumuko wa bei ukipita asilimia 30. Miongoni mwa walioumia ni wakulima wa pamba wa Bunda: fedha ya mavuno ilikuwa ikiyeyuka mkononi kabla ya msimu mwingine.

Je, wajua kwamba M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008, Profesa Benno Ndulu akiwa ndiyo kwanza ameshika ugavana? Sheria ya mifumo ya malipo ilipitishwa baadaye, mwaka 2015. Lakini Benki Kuu haikuingoja: iliruhusu huduma hiyo ya fedha kwa simu ianze huku ikiisimamia kwa karibu. Kwangu mimi, huo ni miongoni mwa uamuzi bora kabisa wa taasisi hiyo: mama wa Manyamanyama hupokea fedha ya mwanawe aliyeko Mwanza bila kupanda basi.

Mrithi wa Ndulu, Florens Luoga, alikuwa profesa wa sheria.

Je, wajua kwamba Gavana wa sasa, Emmanuel Tutuba, aliyeteuliwa Januari 2023, aliwahi kuwa Katibu Tawala wa Mkoa jirani wa Mwanza? Chini yake Benki Kuu inanunua dhahabu ya ndani kwa shilingi ili kukuza akiba ya taifa. Mpango huo unauhusu pia mkoa wetu wa Mara, wenye machimbo ya dhahabu ya Buhemba na North Mara.

Je, wajua kwamba tangu Januari 2024 Benki Kuu hutangaza riba yake kila robo mwaka? Ilianza na asilimia 5.5, ikapanda hadi 6, na Julai 2025 ikashuka hadi 5.75. Lakini mikopo ya benki imeendelea kutozwa karibu asilimia 15. Riba ya Benki Kuu ikishuka tena, nenda kwa meneja wa benki yako ukamwulize: mkopo wangu nao utashuka lini?