Kwa Nini Tanuru Lijengwe Mtwara

Mfuko wa saruji una uzito wa kilo 50, na bei yake ni ndogo kwa mzigo wa uzito huo. Kila kilomita ya barabara hupunguza faida, hivyo mwenye saruji hulazimika kukaa karibu na mnunuzi. Hulazimika pia kukaa karibu na machimbo. Jiwe la chokaa huchomwa tanurini kwa takriban nyuzi 1,450 za Selsiasi hadi liwe klinka, yaani vinundu vinavyosagwa kuwa saruji, na njiani hupoteza sehemu kubwa ya uzito wake kama hewa ukaa. Anayesafirisha jiwe ghafi hulipia nauli ya hewa.

Hapo tunaelewa kwa nini kiwanda chenye uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka kilifunguliwa Mtwara, kusini mwa Tanzania, penye jiwe la chokaa, mwaka 2015. Bado hatujaelewa kwa nini mwenyewe ni kampuni ya Dangote ya Nigeria.

Mchumi Stephen Hymer aliligusa jambo hilo katika tasnifu yake ya mwaka 1960. Mgeni huanza akiwa nyuma: hajui vizuri sheria, soko wala watu. Akiamua kuja, lazima awe na kitu ambacho wenyeji hawana, kama vile mtaji mkubwa au uzoefu wa kuendesha viwanda vya aina hiyo. Kukiuza kitu hicho kwa leseni ni vigumu. Mnunuzi hawezi kukipa thamani kabla hajakijua, na akishakijua hana haja ya kukilipia. Kampuni huona heri ijenge yenyewe na ishike usukani.

Gharama ya uamuzi huo ni kwamba tanuru halihamishiki. Kabla ya ujenzi, mwekezaji ana nguvu kwa sababu nchi nyingi zinamtaka. Fedha zikishazama ardhini, nguvu inahamia kwa mwenyeji. Mwaka 2016 kiwanda cha Mtwara kilisimamisha uzalishaji kwa muda. Kilikuwa kikitegemea dizeli ya bei ghali, ilhali gesi asilia inachimbwa Mnazi Bay, mkoa huohuo. Kiliunganishwa na gesi mwaka 2018. Masharti ya gesi, yaani bei, kiasi na tarehe ya bomba kufika, yalistahili kukamilishwa kabla msingi haujachimbwa, wakati kila upande ulikuwa bado na uwezo wa kukataa.