Safari ya Pwani: Mbu wa Usiku na Mbu wa Mchana

Vikundi vingi vya kujisaidia siku hizi hufunga mwaka kwa safari. Kila mwanachama amepata zamu yake ya mzunguko, hesabu zimefungwa, na salio linatumiwa kukodi basi mpaka Mombasa, Malindi au Lamu. Wengine huenda Kisumu kuona ziwa na kujifunza ufugaji wa samaki. Ni jambo jema, kwa maana mtu aliyefanya kazi mwaka mzima anahitaji kupumzika na kuona ya wenzake. Lakini vikundi vinapokuja kwetu kuomba ushauri, tunaulizwa juu ya nauli, malazi na chakula. Juu ya mbu hatuulizwi.

Tuwaangalie watalii wanaoteremka kutoka meli kubwa bandarini Kilindini. Mgeni aliyejiandaa vizuri alimwona daktari kabla ya kuondoka kwao. Ana vidonge, ana dawa ya kujipaka, ana shati la mikono mirefu. Sisi tukimwona twacheka kidogo, twasema, "Huyu naye anaogopa mbu! Malaria ni yetu, tumeizoea." Hapo ndipo hatari ilipo. Mtu wa Limuru, Nyeri au Nyahururu akifika Kilifi, kinga ya mwili wake dhidi ya malaria haina tofauti kubwa na ile ya mgeni wa meli.

Kinga inatoka wapi?

Mtu hapati kinga ya malaria kwa kuwa Mkenya. Huipata polepole, kwa kuumwa na mbu wenye malaria mara nyingi tangu utotoni. Hata hiyo si kinga kamili, na anayeipata anaweza kuugua bado, ila mara nyingi ugonjwa haumlemei sana. Katika sehemu za baridi malaria ni chache, kwa sababu kijidudu chake hakikomai vizuri ndani ya mbu kukiwa na baridi. Kwa hiyo watu wa huko hawana kinga hiyo.

Tena kinga hii hupungua mtu akihama. Ndugu yetu aliyezaliwa Siaya akaishi Nairobi miaka 10, akirudi nyumbani Desemba asijione mwenyeji mbele ya mbu. Na watoto wake waliozaliwa mjini wako katika hatari zaidi yake. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa eneo la Ziwa Victoria, 19 walikuwa na malaria katika damu, wakati kwa nchi nzima walikuwa 6. Basi mwenye kutoka mlimani kwenda ziwani anatoka penye hatari ndogo na kuingia penye hatari kubwa kwa safari ya siku moja tu ya basi.

Mbu wawili, zamu mbili

Wengi wetu tunajua mbu mmoja tu, yule wa malaria, anayeitwa anofelesi. Huyu hufanya kazi usiku, tangu jua linapozama mpaka alfajiri. Dawa yake kubwa ni chandarua kilichotiwa dawa.

Lakini Pwani kuna mwingine, anayeitwa edesi. Ni mweusi mwenye madoa meupe, na miguu yake ina mistari meupe. Huyu huuma mchana, hasa asubuhi na saa chache kabla ya jua kuzama. Haleti malaria. Huleta homa ya dengi na chikungunya. Hapendi madimbwi ya matope. Huzaa katika maji yaliyotulia karibu na nyumba: mitungi, mapipa, matairi mabovu, vifuu vya nazi na vyungu vya maua.

Jina chikungunya limetoka kwa jirani zetu Wamakonde wa kusini mwa Tanzania, ambako ugonjwa huu ulitambuliwa mwaka 1952 na 1953. Maana yake ni kujikunja, kwa kuwa viungo vinauma hata mgonjwa hawezi kusimama wima. Mwaka 2004 ulishika mji wa Lamu. Ulikuwa wakati wa ukame, na watu walikuwa wameweka maji nyumbani. Wataalamu walipopima damu baadaye, walikadiria kwamba karibu watu 3 katika kila 4 walikuwa wameambukizwa. Kutoka pwani yetu ugonjwa ukafika Komoro mwaka 2005, kisha kisiwa cha Réunion, ambako zaidi ya theluthi moja ya watu waliugua. Nayo dengi ilisumbua Mombasa mwaka 2013, ikarudi mwaka 2017 na 2021.

Kwa hiyo mwanakikundi anayelala ndani ya chandarua amejikinga na mbu wa usiku. Akiketi kivulini saa kumi jioni miguu wazi, bado mbu wa mchana atampata. Ni lazima tujikinge zamu zote mbili.

Na wanaopanda meli au mashua? Mbali baharini mbu ni wachache, kwa sababu upepo ni mwingi na hawana mahali pa kuzaa. Hatari iko bandarini, gatini, na mashua inapolala karibu na mikoko. Mwenye kushuka nchi kavu ajikinge kabla ya kushuka, asingoje mpaka aumwe.

Kabla ya safari

1. Kamati iweke mbu katika bajeti. Sisi wa sehemu za baridi wengi hatuna chandarua nyumbani. Kila anayekwenda awe na chake, au kikundi kinunue vichache vya kuazimana mwaka hadi mwaka. Mkilipia malazi, ulizeni kama vitanda vina vyandarua visivyo na matundu.

2. Nendeni kituo cha afya wiki 2 au 3 mapema mkaulize juu ya vidonge vya kuzuia malaria. Viko vya aina mbalimbali. Vingine huendelea kumezwa siku 7 baada ya kurudi, vingine wiki 4. Mtu asivikatize eti kwa sababu amefika nyumbani. Kila kidonge hakimfai kila mtu, kwa hiyo msigawiane. Wenye ugonjwa wa selimundu wasiondoke bila kumwona daktari.

3. Mama mjamzito asiye na kinga, na mtoto mdogo, malaria huwapata vibaya sana. Kama safari ni ya matembezi tu, ni afadhali mama angoje mwaka mwingine. Hakuna atakayemlaumu.

Mkiwa huko

1. Jipakeni dawa ya kufukuza mbu asubuhi na jioni, kwenye ngozi iliyo wazi. Chagueni yenye diti, na msome maelezo kwenye chupa. Mkiogelea au kutoka jasho jingi, jipakeni tena. Watoto wasipakwe mikononi, kwa sababu wataitia mdomoni.

2. Saa za jioni vaeni suruali ndefu, leso au buibui, soksi, na mikono mirefu. Nguo nyeupe na pana ni nzuri zaidi kuliko nyeusi ya kubana.

3. Chandarua kichomekwe chini ya godoro kabla giza halijaingia. Dawa ya mbu ya kuchoma husaidia kidogo, lakini haichukui nafasi ya chandarua.

4. Mkikaa mahali siku kadhaa, mwageni maji yaliyosimama katika ndoo na vifuu, na mfunike mitungi. Kazi ya dakika 10 tu, na wenyeji watafurahi.

Mkirudi nyumbani

Hapa ndipo watu hupoteza maisha bila sababu. Malaria haitokei siku ile ile mtu anapoumwa. Huchukua angalau siku 7, mara nyingi siku 10 hadi 15, na wakati mwingine mwezi au zaidi. Mtu amesharudi shambani, amesahau safari, homa inaanza. Husema ni mafua, au ni homa ya matumbo. Ananunua dawa za maumivu dukani, siku zinapita. Kwa mtu asiye na kinga, malaria inaweza kuwa kali kwa muda wa siku moja au mbili tu.

Kwa hiyo tunasema hivi: mtu yeyote aliyetoka Pwani au ziwani, akipata homa ndani ya miezi 3, aende kupimwa damu siku hiyo hiyo. Na amwambie mhudumu wazi, "Nilikuwa Kilifi wiki 2 zilizopita." Katika zahanati za sehemu za baridi mhudumu huenda asifikirie malaria usipomwambia. Ikiwa kipimo hakionyeshi kitu na homa inaendelea, rudi upimwe tena, na uulize pia juu ya dengi na chikungunya.

Ukikutwa na malaria, maliza dozi yote ya siku 3 hata ukijisikia vizuri siku ya pili, na umeze pamoja na chakula.

Dengi na chikungunya hazina dawa ya kuziua. Mgonjwa hupumzika, hunywa maji mengi, na hutumia parasetamoli. Mpaka dengi iondolewe mashaka, asimeze aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki, kwa maana zinaweza kuongeza kutokwa damu. Tena awe macho homa inaposhuka, kwa sababu hatari ya dengi mara nyingi huja wakati huo.

Mpelekeni mgonjwa hospitali upesi mkiona dalili hizi: kuchanganyikiwa, degedege, macho ya manjano, mkojo mweusi, kupumua kwa shida, kutapika kila anachokunywa, maumivu makali ya tumbo, au damu kutoka puani na kwenye ufizi.

Maswali ya kuzungumzia kikundini

- Katika safari yetu iliyopita, ni wangapi walilala ndani ya chandarua? Ni wangapi walipata homa baada ya kurudi, na walifanya nini?
- Vyandarua na dawa ya kujipaka kwa watu wote vitagharimu kiasi gani? Tutatoa wapi fedha hizo?
- Ni nani atakayewapitia wasafiri nyumba kwa nyumba baada ya wiki 2, na tena baada ya mwezi, kuwauliza kama wana homa?

Swali la mwisho msilipite. Andikeni jina la mtu huyo katika kitabu cha kumbukumbu kabla hamjalipa basi.