Kufuta na Kubatilisha: Istilahi za Hati za Utambulisho Katika Kompyuta

Miongoni mwa maneno ambayo watafsiri wa miongozo ya kompyuta huyachanganya, jozi ya kufuta na kubatilisha yastahili kutazamwa kwa makini. Tofauti yake si pambo la lugha. Yahusu usalama wa mafaili ya watu wengi watumiao mashine moja, kama ilivyo katika maabara za vyuo.

Mwaka 1984 kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani ilibuni mfumo wa mafaili wa mtandao, ujulikanao kwa kifupi NFS. Katika mfumo huo mafaili hukaa katika kompyuta moja kuu, yaani seva, na mtumiaji huyafungua katika mashine nyingine kana kwamba yamo humo humo. Hapo mwanzo seva iliamini tu namba ya mtumiaji iliyotajwa na mashine. Baadaye ukaongezwa ulinzi wa Kerberos, uliobuniwa katika chuo cha MIT katika miaka ya 1980 na kupewa jina la mbwa wa ngano za Kiyunani alindaye lango la kuzimu.

Kwa ulinzi huo mtumiaji hutoa nywila mara moja, akapewa tiketi yenye muda maalumu, aghalabu saa 10 au 24. (Tuandike tiketi, wala si tikiti, tusije tukamkumbusha msomaji tunda.) Tiketi si nywila. Mwongozo usemao "nywila imefutwa" humfanya mtu adhani kuwa kesho atahitaji nywila mpya. Jina la jumla twapendekeza liwe hati za utambulisho, ambalo wasomaji wamelizoea kwa mabalozi wawasilishapo hati zao kwa Rais.

Mtumiaji amalizapo kazi, na tuseme amefunga kikao. Neno kutoka limeenea, lakini hugongana na kutoka ya mahali, na sentensi kama "futa hati kutoka" humwacha msomaji akingoja mwisho wake. Tena kikao lina faida nyingine: mwenyekiti akifunga kikao, makabrasha hubaki mezani mpaka mtu ayakusanye. Ndivyo ilivyo hapa. Mashine isipoagizwa, kikao hufungwa na tiketi ikabaki, na yeyote aliyejipatia mamlaka ya juu katika mashine ile aweza kuitumia kuyafikia mafaili ya mwenzake. Ndiyo maana wasimamizi huweka amri iitwayo kdestroy itekelezwe kila kikao kinapofungwa.

Amri hiyo huifuta tiketi iliyohifadhiwa katika mashine, basi. Haiiarifu seva. Kama mtu alikwisha kuinakili, nakala yake itaendelea kukubaliwa hadi muda wake uishe. Kubatilisha ni kuondoa uhalali wenyewe, kama mahakama ibatilishapo matokeo ya uchaguzi: karatasi zote zaweza kuwapo, lakini hazina nguvu. Na hata kufuta kwenyewe kuna kasoro. Katika Linux, kiini cha mfumo hutunza katika kumbukumbu yake mapatano yaliyokwisha kufanywa na seva. Kwa hiyo tiketi ikifutwa, mafaili yaweza kuendelea kufunguka kwa muda. Mwongozo mmoja tuliopata kuukagua ulimwambia mtumiaji kuwa "haki zote zimebatilishwa." Aliyeusadiki aliondoka mezani akiwa na amani asiyostahili kuwa nayo.

Kwa upande wa pili, aliyeacha kazi ndefu ikiendelea baada ya kufunga kikao atakuta imekataliwa kuandika katika seva. Huyo hajanyang'anywa haki; hati yake imefutwa, na ataomba nyingine.

Kubatilisha tumelihifadhi kwa vyeti vya kidijitali, ambavyo mtoaji wake huweza kutangaza orodha ya visivyokubalika tena. Kwa tiketi, ujumbe tunaoupendekeza ni huu: "Kikao kimefungwa, tiketi imefutwa katika mashine hii." Watafsiri wapendao ufupi wasiyakate maneno matatu ya mwisho.