Kondoo wa Melini na Kura za Mjumbe

Mkulima wa skimu huja ofisini akauliza: "Mjumbe wetu alisema mkutanoni kwamba atatetea mifugo yetu. Nitajuaje kama alifanya hivyo?" Maneno ya mkutanoni hupita, bali kura ya Bungeni huandikwa. Lakini kuisoma kura hiyo kwataka uangalifu, na mfano mzuri watoka Australia, katika kura za Bibi Sussan Ley, aliyekuwa mjumbe wa Farrer, jimbo lenye wafugaji wengi.

Kwa miaka mingi Waustralia wamepakia kondoo hai melini katika bandari ya Fremantle na kuwapeleka nchi za Ghuba. Agosti 2017 meli iitwayo Awassi Express ilifika huko wakati wa joto kali, na kondoo karibu 2,400 wakafa. Picha zilipoonyeshwa katika televisheni mwezi wa Aprili 2018, watu walikasirika sana. Serikali haikutaka kuifunga biashara hiyo. Hata hivyo Bibi Ley, aliyekuwa wa chama cha serikali, alileta mswada wake mwenyewe mwezi wa Mei wa kuikomesha kidogo kidogo. Mswada huo haukufika kupigiwa kura.

Agosti 2018 akafanywa waziri msaidizi. Septemba, Seneti ikapitisha mswada mwingine wa namna ile ile, ukaletwa katika Baraza la Wawakilishi. Wapinzani wakaomba ujadiliwe upesi. Bibi Ley akapiga kura pamoja na serikali, na ombi likaanguka.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Kura ile haikuuliza kama kondoo wasafirishwe au wasisafirishwe. Iliuliza tu kama mswada ujadiliwe wakati ule. Lakini mswada usiojadiliwa hauwezi kuwa sheria! Tena waziri hufungwa na neno la serikali: akitaka kulipinga kwa kura yake, yampasa aache cheo. Bibi Ley hakuacha. Sababu hizo haziandikwi kando ya jina. Jina huandikwa upande mmoja tu.

Huko kengele hupigwa dakika nne, kisha milango hufungwa. Wanaokubali huketi kuumeni kwa Spika, wanaokataa kushotoni, nao huhesabiwa kama kondoo mlangoni mwa boma. (Nilipokuwa mwalimu niliwahesabu watoto vivyo hivyo, nao walihamahama kuliko wajumbe.) Lakini mambo mengi huamuliwa kwa sauti tu, "ndiyo" au "la," na hapo hakuna jina linaloandikwa. Basi usipoliona jina la mjumbe, usiseme kwamba hakuwapo.

Mwaka wa 2024 serikali ya chama kingine ilipitisha sheria kwamba safari za kondoo hai kwa meli zikome tarehe 1 Mei 2028. Ng'ombe hawamo katika sheria hiyo. Chama cha Bibi Ley kiliipinga, na wafugaji wengi wa Australia Magharibi pia, kwa kuwa soko ni lao na hasara ni yao.

Bunge letu la Nairobi nalo huandika habari zake katika Hansard, na mwananchi aweza kuisoma. Mjumbe akija skimuni na kusema alipigania bei ya maziwa au njia ya kuuza ng'ombe, mwulize kwa heshima jina la mswada na tarehe. Uandike vyote viwili. Kisha tazama kama majina yalihesabiwa siku ile, na swali lenyewe Spika alilisemaje.