Jina la Ukoo Ufipa ni Nusu ya Ukoo

Mtu wa Sumbawanga akijaza fomu ya kitambulisho cha taifa au ya pasipoti, hufika mahali anapotakiwa kuandika jina la ukoo. Karibu kila mmoja huandika jina la mwanamume mmoja: babu mzaa baba, au baba wa babu huyo. Ndugu wawili wa tumbo moja huweza kutoka na majina mawili tofauti, mkubwa kaandikishwa shule kwa jina la babu, mdogo kwa jina la baba, na hakuna anayeona ajabu. Jina la namna hiyo si la ukoo kwa asili yake. Ni jina la mtu, lililoganda siku lilipoandikwa, na katika uwanda wa Ufipa linabeba nusu tu ya ukoo wa mwenye nalo. Ukilitumia kama ramani ya undugu, litakupoteza.

Tuanze na undugu wenyewe. Roy Willis, mwanaanthropolojia wa Uingereza aliyefanya utafiti Ufipa miaka ya 1960 na kuchapisha mwaka 1981 kitabu chake kikubwa juu ya historia ya nchi hiyo, alieleza kwamba Wafipa huhesabu nasaba kwa baba na kwa mama vilevile. Kundi la ndugu wa asili moja, uluko, lina watoto wa binti kama lilivyo na watoto wa mwana. Kijiji nacho hakikuwa mali ya ukoo mmoja. Watu wasio ndugu waliishi pamoja, na mkuu wa kijiji alipatikana kwa kukubaliwa na wakazi. Hata simulizi ya utawala inasema hivyo kwa njia yake. Milansi, chini ya mlima Itwelele, ndiko inakosemekana alishukia Ntatakwa, mtawala wa kwanza. Baadaye wakaja wanawake watatu wageni, mtawala akiwa mawindoni, wakaitwaa nchi. Ndio asili ya nasaba ya Watwaki, waliotawala falme za Nkansi na Lyangalile. Iwe historia au hadithi, nchi ambayo nasaba ya watawala wake inaanzia kwa wanawake haiwezi kueleweka kwa jina linalopita kwa wanaume peke yao.

Basi desturi ya jina moja linaloshuka kwa baba ilitoka wapi? Ilikuja na daftari. Wamisionari wa Afrika, tunaowaita Mapadri Weupe, walikipokea kituo cha Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na misheni zao zikaenea kusini hadi uwandani. Aliyebatizwa alipata jina la mtakatifu, na lile la nyumbani likasogea nafasi ya pili. Mtoto wake alipobatizwa, jina la nyumbani la baba likamfuata. Serikali ya Kijerumani, iliyokuwa na boma Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo, ilileta kodi ya nyumba mwishoni mwa karne ya 19. Waingereza wakaiendeleza kodi, na shule zikaongeza orodha zake. Hakuna aliyekaa akatunga sheria ya majina ya Wafipa. Makarani wa kanisa, wa boma na wa shule walihitaji neno la pili la kumtofautisha Yosefu huyu na Yosefu yule, nalo neno hilo likabaki.

Walioandika hawakuwa na tahajia moja, na hilo bado linaonekana hata katika majina ya mahali, ambayo yangetazamiwa kuwa na utulivu zaidi. Nkansi ya wanahistoria ni Wilaya ya Nkasi ya serikali. Milansi imekuwa Milanzi. Watwaki huandikwa pia Twachi na Twaci. Ikiwa jina la ufalme mzima limepoteza herufi njiani, jina la mkulima mmoja lilikuwa na kinga gani? Ndiyo maana mtafiti wa nasaba asizihesabu tahajia mbili kuwa familia mbili kabla ya kuona nyaraka za nyuma.

Kuna pingamizi la haki kabisa hapa. Mbona majina mengine ya ukanda huu yanatambulisha asili papo hapo? Sikazwe, Simbeye, Sichone, Sinkala: anayesikia hujua mara moja kwamba familia inatokea upande wa Wamambwe, Walungu, Wanamwanga au Wanyiha, kama vile majina ya Mwakyembe na Mwandosya yanavyoelekeza Unyakyusa. Mashabiki wa soka wanamkumbuka Janny Sikazwe, mwamuzi wa Zambia aliyepuliza filimbi ya mwisho kabla ya dakika 90 katika mechi ya Tunisia na Mali, Januari 2022. Jina la mwamuzi huyo halisikiki kuwa geni wilayani Kalambo, upande wa Tanzania, kwa sababu mpaka uliochorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1890 uliwagawa Wamambwe na Walungu pande mbili. Nakubali: kiambishi Si- ni ushahidi. Lakini ni ushahidi wa lugha, wala hakimtaji babu mmoja aliyewazaa wote. Tena tazama kilivyofanya kazi zamani. Mwanamume aliitwa kwa Si-, dada yake kwa Na-: Sikazwe na Nakazwe ni wa nyumba moja. Siku hizi msichana huandikishwa shule kwa jina la baba yake, Si- na yote, na Na- inazidi kupungua kwenye vyeti. Fomu imemfuta dada hata katika jina lililokuwa na nafasi yake.

Wengine watasema majina ya watawala, walau, yanathibitisha damu. Kapufi alikuwa mtawala wa Nkansi karne ya 19. Leo Kapufi ni jina la familia, na Mpanda Mjini imewahi kuwa na mbunge mwenye jina hilo. Kufanana huko peke yake hakuthibitishi nasaba wala hakuikanushi. Katika ukanda huu jina kubwa mara nyingi ni la kiti: kila anayekalia kiti cha Walungu ni Tafuna, na cha Wamambwe ni Nsokolo, awe mtoto wa aliyetangulia au asiwe. Na jina la mtu mashuhuri hupewa watoto wa watu wasiohusiana naye kabisa, jambo ambalo wazazi wa Tanzania hawajaliacha hadi leo. Kwa hiyo wingi wa jina nao haupimi ukubwa wa ukoo. Jina moja la kawaida liliweza kuganda katika vijiji vitano, kwa wazee watano wasio ndugu, na wajukuu wao wakikutana chuoni wakaitana binamu bure.

Maana nayo ina mtego wake. Kardinali Polycarp Pengo alizaliwa Mwazye mwaka 1944, na msomaji wa pwani akiliona jina lake hufikiria meno. Kufasiri jina la uwandani kwa kamusi ya Kiswahili ni mchezo wa barazani, na kama mchezo sina ugomvi nao, ila si ushahidi wa asili.

Litabaki pingamizi la mwisho, kwamba dola inahitaji jina moja na haiwezi kuandika uluko mzima kwenye kitambulisho. Ni kweli, na sipendekezi fomu ibadilishwe. Ninachopinga ni kuiachia fomu kazi ya kumbukumbu ya ukoo, hasa katika mambo ya ndoa. Sheria ya Kanisa Katoliki inazuia ndoa kati ya watoto wa ndugu, kwa upande wowote, na binamu wa upande wa mama kwa kawaida wana majina tofauti kabisa. Jina halitamshtua mtu. Bahati nzuri parokia ina chombo bora zaidi. Daftari la ubatizo huandika wazazi wote wawili, wasimamizi, tarehe na mahali, na ndoa ya mtu huongezwa baadaye kwenye ukurasa ule ule wa ubatizo wake. Kwa mistari hiyo unaweza kupanda kwa mama, kwa mama yake mama, hadi vizazi ambavyo jina lako la mwisho halina habari navyo. Anayetaka kuujua ukoo wake wa Ufipa asianze na jina lake. Aulize bibi mzaa mama alibatizwa parokia gani, aliandikwa kwa jina lipi, na nani walimsimamia. Kisha aende ofisi ya parokia hiyo na majibu hayo matatu yaliyoandikwa, wazee wa kuyathibitisha wakiwa bado hai.